Old Man wa Coniston: mlima uliotobolewa kwa ajili ya shaba

Ukitazama picha za wilaya ya maziwa ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza utaona maziwa yaliyotulia, kondoo, kuta za mawe na vilima vya kijani. Watalii wanapapenda. Mwaka 2017 UNESCO iliitangaza kuwa Urithi wa Dunia. Picha hizo hazisemi kwamba sehemu ya uzuri huo ni mabaki ya kiwanda. Nataka leo tupande mlima mmoja, Old Man wa Coniston, tuone kilichomo tumboni mwake.

Kwa sisi wa nchi ya Kilimanjaro, mlima wa meta 803 unaweza kuonekana kama kichuguu. Lakini historia haipimwi kwa meta. Njia inaanzia kijiji cha Coniston, inafuata kijito kiitwacho Church Beck hadi daraja dogo linaloitwa Daraja la Wachimbaji. Hapo tayari jina limeshakuambia ulipo. Mbele yako ni Bonde la Migodi ya Shaba, na kote kumejaa magwangala: vilima vya kifusi kilichotolewa ardhini na watu ambao wengi wao hatujui hata majina yao.

Ilianzaje? Turudi kwa Malkia Elizabeth wa Kwanza. Alitawala nchi yenye maadui wengi na mizinga michache. Mizinga mizuri ya wakati ule ilitengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na bati, na Uingereza ilinunua shaba yake kutoka nje. Ardhini ilikuwamo, ila ujuzi wa kuitoa na kuiyeyusha haukuwapo. Ndipo mwaka 1564 serikali yake ikaingia mkataba na Thomas Thurland, kasisi wa Kiingereza, na Daniel Hechstetter, wakala wa kampuni ya Haug na Langnauer ya mji wa Augsburg. Wachimbaji wa Kijerumani wakaja kwa makundi na kuweka makao Keswick, kilomita 30 hivi kaskazini mwa Coniston.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Uingereza, iliyokuja baadaye kutuma wataalamu wa madini dunia nzima, ilianza kwa kuagiza wataalamu wa kigeni kwa sababu wenyewe hawakujua kazi.

Na wenyeji waliwapokeaje? Vibaya. Wageni hao walizungumza lugha isiyoeleweka, walikata miti kwa ajili ya makaa ya matanuri na walikuwa na kibali cha Malkia mfukoni. Mwaka 1566 mmoja wao, Leonard Stoultz, aliuawa na wenyeji. Malkia mwenyewe ilibidi aingilie kati na kuagiza wageni walindwe. Kampuni ikachukua kisiwa kidogo katika ziwa Derwentwater, ikajenga humo kiwanda cha kuoka mikate na cha pombe ili watu wake waishi mbali na ghasia. Hata hivyo, muda ulifanya kazi yake. Vijana wa Kijerumani walioa wasichana wa Keswick, na rejesta za kanisa la Crosthwaite zimejaa ndoa na ubatizo wa watoto wao. Wajukuu wa watu waliotishiwa kuuawa wakawa wenyeji, na bila shaka baadhi yao nao wakawanung'unikia wageni waliofuata!

Sehemu inayonigusa zaidi katika historia hii ilitokea mahakamani. Mwaka 1566 hivi wachimbaji walipata shaba nzuri katika bonde la Newlands, kwenye ardhi ya Thomas Percy, Lodi wa Northumberland. Lodi akasema: ardhi yangu, shaba yangu. Malkia akasema: shaba hiyo ina dhahabu na fedha ndani yake, na dhahabu na fedha ni za mfalme. Kesi ilisikilizwa na mwaka 1568 majaji wakaamua kwamba machimbo yote ya dhahabu na fedha ni mali ya Ufalme, popote yalipo. Wengi wao wakaongeza kwamba hata mgodi wa shaba, ikiwa shaba hiyo imebeba dhahabu au fedha, unakwenda mzima kwa Malkia.

Mtanzania yeyote aliyefuatilia mjadala wa makinikia mwaka 2017 anaijua hoja hii. Ndani ya mchanga wa shaba kuna nini kingine, kiasi gani, na ni cha nani? Miaka karibu 450 kabla ya makontena yetu kuzuiwa, swali hilo hilo lilisimama mbele ya majaji wa Uingereza. Tofauti ni kwamba wakati ule aliyeshinda alikuwa Malkia dhidi ya lodi mmoja. Mchimbaji na mkulima wa pale hawakuwa upande wowote wa kesi. Lodi naye, akiwa na kinyongo hicho juu ya vingine vya dini na siasa, alijiunga na uasi wa mwaka 1569, na mwaka 1572 akakatwa kichwa mjini York.

Kazi ilifika Coniston mwishoni mwa karne ya 16. Usifikirie mitambo. Mahandaki ya mwanzo yalichongwa kwa mkono, kwa nyundo, tindo na kabari za chuma zilizopigwa kwenye nyufa. Mwamba uliokuwa mgumu zaidi ulichomwa moto ili upasuke. Mengine ni membamba kiasi cha mtu mmoja, mapana mabegani na membamba miguuni, ndiyo maana Waingereza huyaita mahandaki ya jeneza. Kila inchi ilikuwa jasho. Mawe yalibebwa na farasi hadi matanuri ya Keswick kwa njia za milimani. Katikati ya karne ya 17, nchi ikiwa imepasuliwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, kazi ilisimama.

Katika karne ya 18 ilifufuka kwa vipindi, safari hii kukiwa na baruti. Lakini enzi yenyewe ilianza mwaka 1824, alipoingia John Taylor, mtaalamu mashuhuri wa migodi, na msimamizi wake John Barratt kutoka Cornwall. Walileta magurudumu makubwa ya maji ya kuendeshea pampu na makarasha. Maziwa madogo ya juu mlimani, Levers Water na Low Water, yaliwekewa mabwawa ili maji yasikauke. Kufikia miaka ya 1850 watu wapatao 400 walifanya kazi hapo. Shimo la Bonsor lilizidi kina cha meta 300, chini ya usawa wa bahari. Fikiria hilo: watu waliopanda mlima asubuhi kwenda kazini, kisha wakashuka kwa ngazi, mshumaa mkononi, hadi chini kuliko bahari.

Malipo hayakuwa mshahara wa mwezi. Kikundi kilipatana na msimamizi bei ya kipande cha mwamba, kikajinunulia mishumaa na baruti. Mwamba ukiwa mzuri, mnakula. Ukiwa mbaya, mnadaiwa. Juu, wavulana wadogo walichambua na kuosha mawe kwenye maji baridi ya mlimani. Wachimbaji wadogo wa kwetu wakisoma hapa hawatahitaji maelezo.

Reli ilifika Coniston mwaka 1859. Kabla yake, mawe ya shaba yalishushwa kwa mashua ziwani, kisha kwa mikokoteni hadi bandari ya Greenodd. Ungedhani reli ingeuneemesha mgodi. Kumbe ilifika ukiwa ukingoni mwa kuporomoka. Kadiri shimo lilivyokwenda chini ndivyo pampu zilivyokula faida, na wakati huo huo shaba ya bei nafuu ilikuwa ikimiminika kutoka Chile na kwingineko. Mwishoni mwa karne ya 19 kazi ilikuwa imepooza, na majaribio ya kuifufua mwanzoni mwa karne ya 20 hayakudumu. Reli nayo iliacha kubeba abiria mwaka 1958.

Anayepanda leo anapita nyumba ya zamani ya meneja wa mgodi, ambayo imekuwa hosteli ya vijana. Juu zaidi anakuta machimbo ya mawe ya kuezekea, na nyaya za chuma zilizoota kutu zikiwa zimelala njiani. Kisha Low Water, maji ya buluu chini ya ukuta wa mwamba, na mwinuko wa mwisho hadi kileleni. Siku ikiwa safi unaiona bahari. Migodi yenyewe sasa inalindwa kisheria kama kumbukumbu ya taifa, na mashimo yake ni ya hatari kwa asiye na kiongozi.

Wachimbaji wa Kiingereza walikuwa na msemo mmoja. Wakivunja ukuta na kukuta handaki la zamani lisilo kwenye ramani, walisema hiyo ni kazi ya "mzee". Mzee huyo hakuwa mtu mmoja. Alikuwa kila aliyechimba kabla yao, jina lake likiwa halijulikani. Jina la mlima huu lina asili nyingine, lakini linamfaa vilevile.

Majina ya Malkia, Lodi, Hechstetter na Barratt tunayo. Leonard Stoultz tunamjua kwa sababu aliuawa. Wale 400 wa miaka ya 1850 tunawaona kwenye magwangala tu. Sasa nikuulize, msomaji wangu: migodi yetu itakapokauka, na siku hiyo itafika, nani atakuwa ameandika majina ya walioshuka mashimoni? Nadhani kazi hiyo ni yetu, na inafaa ianze wakati wazee wenyewe bado wapo wa kuulizwa.