Mawe ya Olorgesailie

Ukishuka kutoka Nairobi kwa barabara ya Magadi, unaacha baridi ya Ngong na kuingia katika joto la Bonde la Ufa. Baada ya kilomita 70 hivi utafika Olorgesailie. Hapo mamia ya mashoka ya mawe yamelala chini, pale pale yalipokutwa, na wageni huyatazama wakipita juu ya daraja la mbao.

Wengi wetu tulilelewa tukidhani kwamba mambo haya ni ya watu wasioamini. Tukumbuke basi yalianzia nyumba gani. Louis Leakey alizaliwa Kabete mwaka 1903, mtoto wa wamisionari wa Kianglikana, na baba yake alishiriki kutafsiri Maandiko kwa Kikuyu. Akiwa mvulana aliokota vipande vyeusi vya kioo cha volkano, akamwonyesha mtunza makumbusho wa Nairobi, akaambiwa kwamba kweli ni zana za watu wa kale.

Mwaka 1942 yeye na mkewe Mary walifika Olorgesailie. Mary ndiye aliyesimamia uchimbaji, akisaidiwa na wafungwa wa vita Waitalia. Kazi hiyo si kama kulima shamba. Udongo huondolewa kidogo kidogo na kuchekechwa, na mahali pa kila jiwe huandikwa kabla halijainuliwa. Jiwe likiokotwa ovyo limenyamazishwa. Likiachwa pamoja na vibanzi vyake, huonyesha fundi alipokaa akilichonga, kando ya ziwa ambalo sasa limekauka.

Umri wake hujulikana kwa majivu ya volkano yaliyo juu na chini yake. Ndani ya majivu kuna potasiamu, na sehemu yake hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni, kwa mwendo usiobadilika. Kwa kupima hivyo, matabaka yenye mashoka hayo yameonekana kuwa ya tangu miaka 1,200,000 hivi iliyopita hadi 490,000.

Hapa ndipo vijana wetu hutuuliza maswali, na hapa ndipo sisi wazee hukohoa na kubadili mazungumzo. Tunaamini kukohoa huko kumetupotezea vijana wengi kuliko mawe yenyewe. Kitabu cha Mwanzo hakitaji mwaka wa kuumbwa ulimwengu. Mwaka 4004 kabla ya Kristo, ambao wengine wetu tulifundishwa, ulihesabiwa katika karne ya 17 na James Ussher, askofu mkuu wa Ireland, kwa kujumlisha vizazi na tawala za wafalme. Alikuwa msomi mwenye bidii, lakini hesabu yake si Maandiko. Wapo ndugu kanisani wasiokubaliana nasi katika hili, na tunashiriki nao meza moja.

Utafiti haukukoma. Mwaka 2003 kilipatikana hapo kipande cha fuvu chenye miaka 900,000 hivi. Kisha mwaka 2018 watafiti walitangaza habari za zana ndogo zaidi, za miaka 300,000 hivi, nyingine za kioo cha volkano kilichotoka hadi kilomita 90. Pamoja nazo kulikuwa na mawe ya rangi, jekundu na jeusi. Walioyaleta hawakuyahitaji kwa kukata nyama.