Nimonia Baada ya Kiharusi

Nimonia inayomfuata mgonjwa wa kiharusi ilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa hatua ya mwisho ya kiharusi chenyewe. Njia za kuitambua hazikukosekana. Tangu René Laennec aanze kusikiliza vifua kwa mrija mjini Paris mwaka 1816, milio ya pafu lililojaa ilijulikana, na mwaka 1895 Wilhelm Röntgen akagundua eksirei. Kilichokosekana ni dawa. Salfapiridini ilikuja mwaka 1938, na mwaka 1941 penisilini ikajaribiwa kwa mgonjwa huko Oxford. Lakini dawa hazikueleza kwa nini waliopooza ndio walioshikwa zaidi.

Dokezo lilitoka wodi ya wazazi. Mwaka 1946 Curtis Mendelson, daktari wa New York, alieleza jinsi wajawazito waliopewa nusukaputi walivyovuta matapishi mapafuni, akathibitisha kwa sungura kwamba tindikali ya tumbo hudhuru mapafu. Mgonjwa wa kiharusi hahitaji nusukaputi ili apaliwe: misuli ya koo ikilegea, mate, uji na maji huingia njia ya hewa. Jeri Logemann, mtaalamu wa Chicago, alisaidia kueneza uchunguzi wa kumeza bariamu mbele ya eksirei inayoonyesha mwendo, na picha hizo zikafichua jambo la kutisha: wapo wanaopaliwa bila kukohoa hata mara moja.

Mashine hiyo haipo kila wodi. Mwaka 1992 watafiti wa jimbo la New York walipendekeza kipimo ambacho hata zahanati inakimudu. Mgonjwa hukalishwa wima, hupewa maji yapatayo mililita 90, ayanywe bila kupumzika. Akikohoa wakati wa kunywa au ndani ya dakika moja, au sauti ikitoka kama yenye maji kooni, huhesabiwa ameshindwa na hupelekwa kwa uchunguzi zaidi. Anayepaliwa kimyakimya, bila shaka, anaweza kukipita.

Kupaliwa pekee hakukutosha kuwa maelezo, maana hata watu wenye afya huvuta mate kidogo usingizini na hawaugui. Mwaka 2003 watafiti wa Berlin walionyesha kwamba panya waliopatwa na kiharusi hupungukiwa kinga: ubongo uliojeruhiwa huchochea mishipa ya fahamu inayoamsha mwili wakati wa hatari, na chembe za kinga hupungua. Panya hao walipopewa propranololi, dawa ya presha, maambukizi yalipungua.

Ikaonekana busara kuwapa wagonjwa antibiotiki mapema. Majaribio mawili makubwa, la Uholanzi na la Uingereza, yalitoa majibu mwaka 2015, na nimonia haikupungua. Huko Australia, mwaka 2011, wauguzi waliofuata utaratibu wa kudhibiti homa, sukari na kumeza walipunguza idadi ya wagonjwa waliokufa au kubaki tegemezi siku 90 baadaye, ingawa nimonia yenyewe haikubadilika sana.

Dawa ikabaki ya kutibu, si ya kukinga, hivyo utambuzi ukawa na uzito mpya. Mwaka huohuo wa 2015 wataalamu walikubaliana kuhusu vigezo vya kutambua nimonia ndani ya siku 7 za kwanza baada ya kiharusi kwa mgonjwa asiyepumulia mashine: homa, makohozi, milio kifuani, chembe nyeupe za damu na picha ya kifua. Kwa kuwa picha za mwanzo mara nyingi huwa safi, waliweka ngazi mbili: nimonia inayodhaniwa na iliyothibitishwa.