Nagona: Fumbo Lisilo na Mfumbuaji

Kitabu chenyewe ni chembamba. Kurasa zake hazifiki mia moja, na msomaji asiyekijua angedhani atakimaliza baina ya magharibi na isha. Lakini tangu riwaya ya Nagona ya Euphrase Kezilahabi ilipochapwa Dar es Salaam mwaka 1990, wanaoisifu wamekuwa wengi kuliko walioisoma hadi mwisho. Ndiyo maana inafaa kuuliza, bila ya kumvunjia mtu heshima: je, sifa hizo ni haki yake, au tumezipokea kwa wahakiki kama tunavyopokea habari ya mwezi kuandama kutoka mji wa mbali?

Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki dunia Januari 2020, alikuwa mtu wa kisiwani kama sisi, ila kisiwa chake ni Ukerewe katika Ziwa Viktoria, na huenda mwendo wa kutoka huko hadi pwani ndio uliotuchelewesha kumwelewa. Wapenzi wa ushairi huku walimjua kwanza kwa ugomvi. Diwani yake ya Kichomi ya mwaka 1974 ilikuja bila vina wala mizani, na katika utangulizi wake aliitetea lugha ya mazungumzo ya kila siku kuwa yafaa kutungia mashairi. Yaliyofuata tunayajua: majibu na majibizano ya miaka na miaka. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu ya mwaka 1988, alitukumbusha kwamba hata hazina ya wahenga ina tungo za namna nyingi, wala si shairi pekee. Hata hivyo aliyekwisha kumfungia Kezilahabi mlango kwa sababu ya Kichomi hakuona haja ya kumfungulia kwa sababu ya Nagona. Hapo, nadhani, tulijidhulumu wenyewe.

Kabla ya hapo alikuwa mwandishi wa hadithi zilizonyooka. Rosa Mistika (1971), ambayo kwa muda ilipigwa marufuku shuleni, Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979) zina vijiji vinavyotambulika, wazazi, walevi, makada wa chama, na msomaji hapotei njia. Kisha zikapita takriban miaka kumi na moja bila riwaya. Katika muda huo alisoma Marekani, kwenye Chuo Kikuu cha Wisconsin, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1985 kwa tasnifu iliyohusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Wahakiki wengi husimama hapo wakasema: alikwenda, akawasoma wanafalsafa wa Ulaya, akarudi na Nagona.

Maelezo hayo si uongo, lakini yanasahau miaka yenyewe. Gamba la Nyoka ilikuwa imeuliza maswali mazito juu ya vijiji vya ujamaa. Ilipotoka Nagona, Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha ng'atuka urais mwaka 1985, maduka yamepitia uhaba tunaoukumbuka sote tuliopanga foleni ya sukari, na mwaka 1991, uliochapwa Mzingile, ndio mwaka lilipotoka Azimio la Zanzibar lililolegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha la 1967. Hadithi iliyonyooka huhitaji dunia inayojua iendako. Ile iliyojua ilikuwa ikivunjika, na mwandishi aliyekwisha kuisaili kwa riwaya nne hakuwa na njia ya kuandika ya tano kwa mtindo ule ule.

Basi ndani ya Nagona mna nini? Msimulizi yumo safarini katika ulimwengu uliojaa ukiwa na kimya. Anakitafuta kitu kiitwacho Nagona, ambacho huonekana kama paa na kutoweka. Anakutana na wazee wanaosema kwa mafumbo, anawakuta wanafikra wakubwa wa dunia, na mwisho wa yote kuna ngoma kuu. Sehemu ya wanafikra ndiyo inayosifiwa zaidi vyuoni, na kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote. Plato, Marx na Nietzsche wanaingia kama wageni wa heshima katika karamu: wanatajwa, wanaketishwa, na asiyewajua hapati kitu, wala anayewajua hapati jipya. Lau kitabu kingekuwa hicho tu, ningesema sifa zake ni za kukopa.

Lakini kitabu si hicho tu. Ule ukiwa wa kurasa za mwanzo, na mwendo wa mtu peke yake mahali palipokuwa na watu, si mgeni kwa aliyelelewa na Al-Inkishafi, ambamo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauonyesha moyo wake majumba ya Pate yaliyobaki magofu. Na usemi wa mafumbo je, tutausemaje kuwa wa Ulaya sisi tunaojivunia Muyaka?

Lipo hata hivyo jambo linalowatenga, nalo ndilo kiini cha ugumu wote. Muyaka alipofumba juu ya mambo ya Mombasa na watawala wa Kibusaidi, walikuwako watu barazani walioujua ufumbuzi. Na hata baadaye, W. E. Taylor alipoyakusanya mashairi yale, alisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa mji ule ule. Fumbo la Muyaka lilikuwa na mwenyewe. La Nagona halina. Huwezi kubisha hodi kwa mzee yeyote ukaambiwa Nagona ni kitu gani, na wala mtunzi hakujifanya anao ufunguo mfukoni. Wapo wanaoliita jambo hili udanganyifu. Mimi naliona kuwa ni uaminifu: kitabu kinachosimulia kuutafuta ukweli unaokimbia kingetusaliti iwapo katika ukurasa wa mwisho kingeukamata na kuufunga kamba.

Anayewahurumia wanafunzi atakubali kwamba maswali ya mtihani yamekidhulumu zaidi kuliko wapinzani wake, kwa kuwataka waeleze Nagona anawakilisha nini, alama ishirini.

Waandishi walikielewa kabla ya walimu. William Mkufya alitoa Ziraili na Zirani mwaka 1999, Kyallo Wamitila Bina-Adamu! mwaka 2002, na Said Ahmed Mohamed wa Pemba, ambaye Utengano yake ya 1980 imenyooka kama ufito, akatoa Babu Alipofufuka mwaka 2001 na Dunia Yao mwaka 2006. Sisemi wote wamemwiga. Nasema mlango waliopitia ulikwisha kuwa wazi.

Kwa hiyo ndiyo, sifa zake ni haki, ingawa baadhi zimewekwa pasipo pake. Anayetaka kukijaribu akisome kwa sauti, kama asomavyo utenzi, na akifika kwa wanafalsafa aongeze mwendo. Kisha achukue Mzingile, ambayo kwa ladha yangu ndiyo bora ya hizo mbili: ni fumbo lile lile, ila safari hii mwandishi ameacha kuwaalika wageni.