Msitu Mkongwe

Msitu wa Kakamega nchini Kenya huitwa msitu wa asili, na hakuna anayebisha. Ni kipande cha mashariki kabisa cha misitu ya mvua ya Kongo na Afrika Magharibi. Utata huanza pale mtaalamu anaposema sehemu fulani ya msitu huohuo ni "old-growth", yaani imekaa muda mrefu, nasi tunaotafsiri tukaandika tena msitu wa asili. Hapo tumemnyang'anya tofauti aliyokuwa akiitafuta.

Asili hueleza mti umetoka wapi. Haielezi umekaa muda gani. Mutere, kama Waluhya wanavyouita, ni mti wa asili wa Kakamega, lakini hukua upesi na umewahi kupandwa humo kama zao la mbao. Mitere iliyosimama kwa mistari ni miti ya asili bila shaka. Msitu tunaoutafutia jina sio huo.

Twende basi kwenye vivumishi vya umri. Kuukuu tumeizoea kwenye nguo na viatu: kitu kimetumika kikachakaa. Msitu kuukuu ungesikika kama msitu wa kutupwa. Wa kale hutaka enzi iliyopita, na Kenya ina hata mpaka wa kisheria: kwa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, kifaa cha kale ni kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895. Lakini msitu bado unaota, hauwekwi kabatini. Wa jadi ni wa watu na mila zao.

Mimi nachagua mkongwe. Magazeti yetu yanapomwita mtu mwanasiasa mkongwe au mwanamuziki mkongwe, hayahesabu miaka ya kuzaliwa. Yanasema amekaa kwenye shughuli hiyo hadi ikamwachia alama. Ndivyo hasa afanyavyo mtaalamu wa misitu. Miti mingi ya tropiki haina pete za mwaka za kutegemewa, kwa hiyo mtaalamu haulizi umri wa mti mmoja mmoja, anaangalia umbile la msitu mzima. Kuna miti ya kila kimo, kuanzia miche hadi majitu? Kuna mashina mapana yenye mashimo, ambamo hondohondo jike hujifungia kwa udongo alalie mayai huku dume akimlisha kupitia ufa? Kuna mukumu, ule mtini ulioota juu ya tawi la mti mwingine, ukateremsha mizizi, ukamkumbatia mwenyeji wake mpaka akafa na kuoza, ukabaki umesimama na uwazi katikati? Mambo hayo hayapandwi kwa msimu mmoja, wala kwa maisha ya mtu mmoja.

Wapo wanaopendelea msitu komavu. Neno si baya, ila linanukia msumeno: mti komavu ni uliofikia kuvunwa. Msitu mkongwe huhesabu hata usiovunika, yaani magogo yaliyolala, yaliyojaa kuvu na mchwa, na miti iliyokufa ikiwa wima. Yakusanye yote hayo kwa kuni, usiguse mti hata mmoja ulio hai, na bado utakuwa na msitu wa asili pale Isecheno au Buyangu, humohumo Kakamega. Ukongwe wake ndio utakaokuwa umeuchoma jikoni.