Jina moja, mashujaa wengi: Sanamu za watoto na majina ya vibonzo

Katika maduka ya Nyeri, Nanyuki na Embu, na hata kwenye mitumba ya Karatina, sanamu ndogo za plastiki za mashujaa wa vibonzo huuzwa pamoja na mipira na magari ya kuchezea. Mtoto humtajia mzazi jina moja tu, na mzazi huamini kwamba jina hilo linatosha. Aghalabu halitoshi. Majina kadhaa ya mashujaa hao yamebebwa na zaidi ya mhusika mmoja, na mengine yamepewa sanamu zisizo na nasaba yoyote na kibonzo kilichotangulia kulitumia jina hilo.

Wakazi wa maeneo ya Mlima Kenya wana sababu ya kulielewa jambo hili upesi. Kwa desturi ya Wakikuyu, mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Ndugu watano wakioa na kila mmoja akajaliwa mvulana, boma moja litakuwa na akina Kamau watano, na hakuna anayetatizika. Huulizwa tu: Kamau wa nani? Swali hilo ndilo linalofaa kuulizwa dukani.

Mfano ulio maarufu zaidi ni Captain Marvel. Shujaa wa kwanza mwenye jina hilo alitolewa na kampuni ya Fawcett ya Marekani mwaka 1940. Alikuwa mvulana ambaye hutamka neno "Shazam" na kugeuka mtu mzima mwenye nguvu za ajabu. Mwaka 1941, wachapishaji wa Superman walimshtaki Fawcett wakidai kwamba shujaa wao amenakiliwa. Kesi hiyo iliendelea hadi 1953, Fawcett ilipokubali kusitisha vibonzo hivyo. Jina likabaki bila mwenyewe, na mwaka 1967 kampuni ya Marvel ikalitwaa kwa shujaa wake mpya aliyetoka sayari nyingine.

Kampuni ya DC ilipopata kibali cha kumfufua yule wa zamani mwaka 1972, ilijikuta haiwezi kuweka jina lake kwenye jalada. Ilibidi vitabu viitwe "Shazam!", na baadaye shujaa mwenyewe akapewa jina hilo. Upande wa Marvel, jina la Captain Marvel limepokezanwa na wahusika kadhaa, na tangu 2012 linavaliwa na mwanamke, Carol Danvers. Filamu za wawili hao zilitoka mwaka mmoja, 2019, zikipishana kwa wiki chache. Mzazi anayeambiwa na mwanawe "ninataka Captain Marvel" huenda akaletewa mwanamke wa Marvel, ilhali babu aliyesoma vibonzo vya zamani anamkumbuka mwanamume mwenye umeme kifuani.

Wakati mwingine ni sanamu inayochukua jina la kibonzo kilichokwisha kusahaulika. Fawcett ilikuwa na shujaa mwingine wa mwaka 1940 aliyeitwa Bulletman, aliyevaa kofia yenye umbo la risasi. Mwaka 1976, kampuni ya Hasbro ilitoa Bulletman wake katika familia ya G.I. Joe, naye akiwa na kofia ya namna hiyo hiyo. Mtu ataamini ni sadfa akitaka.

Mgogoro wa karibuni ni wa Bumblebee. DC ilimpa jina hilo msichana wa kikosi cha Teen Titans mwaka 1977. Hasbro ililitumia mwaka 1984 kwa roboti wa Transformers anayegeuka gari dogo la manjano. Kwa miaka mingi hapakuwa na ugomvi, kwa kuwa mmoja alikuwa wa vitabuni na mwingine wa dukani. Lakini DC na kampuni mama yake, Warner Bros, zilipoanza kumuuza msichana wao kama kitu cha kuchezea, Hasbro ilikwenda mahakamani Agosti 2017, ikidai wanunuzi watachanganyikiwa.

Aliyetangulia kitabuni, basi, si lazima awe mwenye haki kwenye rafu ya duka. Alama ya biashara husajiliwa kwa aina ya bidhaa. Kenya pia, chini ya Sheria ya Alama za Biashara (Sura 506), hufuata mpango wa kimataifa ambamo machapisho ni kundi la 16 na vitu vya kuchezea ni kundi la 28. Jina moja laweza kuwa na mwenyewe huku na mwenyewe mwingine kule. Hata maneno "super hero" yenyewe yalimilikiwa Marekani na Marvel na DC kwa ubia kwa zaidi ya miaka 40, hadi usajili huo ulipofutwa Septemba 2024.

Kwa mfanyabiashara wa Nyeri au Meru, suala hili si mchezo. Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 humbana muuzaji pamoja na mtengenezaji. Anayepatikana na hatia kwa mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka 5, au kutozwa faini isiyopungua mara 3 ya bei ya rejareja ya kila bidhaa, au adhabu zote mbili. Sanamu halisi iliyotumika, iliyokuja na mitumba, haiwi ghushi kwa sababu tu imechakaa.

Kutambua ni rahisi iwapo boksi lipo: jina la mwenye shujaa huandikwa kwa herufi ndogo, mbali na lile kubwa linalomvutia mtoto. Pasipo na boksi, sanamu ipinduliwe. Watengenezaji wengi huchapa jina lao na mwaka chini ya unyayo, mgongoni au nyuma ya paja. Mwaka huo aghalabu ni wa hakimiliki, wala si wa kutengenezwa, kwa hiyo muuzaji anayedai bei ya juu kwa kuwa sanamu yake ni "ya tangu 1984" huenda ana mkononi kitu kilichotoka kiwandani miaka mingi baadaye.