Kipande cha Guka, Kadi ya Mama

Mgeni akifika Ndabibi hatumuulizi jina kwanza. Tunamuuliza ametokea upande gani, kwa sababu hapa karibu kila mtu ametokea mahali. Tuko magharibi mwa Ziwa Naivasha, Mlima Eburru ukiwa upande mmoja na miinuko ya Mau upande mwingine, kwenye udongo wa majivu ya volkeno ambao wakati wa kiangazi huingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa. Wamaasai walilisha ng'ombe hapa kabla ya sisi wengine wote. Wakikuyu tumekuja kwa vipindi, wengine kutoka Kiambu, wengine Nyandarua. Kuna Wakalenjin, kuna Waturkana, na tangu mashamba ya maua yaanze kando ya ziwa kuna Waluhya, Wajaluo na Wakisii. Kwenye baraza la chifu au kwenye matanga mtu husimama, akataja alikotoka na kazi yake, na akiwa mchangamfu huongeza jambo moja analolipenda.

Basi nami nijieleze vivyo hivyo. Mimi ni mkulima wa viazi na njegere. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye shamba la maua, nikipanga mawaridi kwa urefu wa mashina. Ninachopenda ni redio, na kupitia redio nimekuja kupenda karatasi: nakusanya kadi za salamu za redio na vyeti vya zamani vya watu wa hapa, nikiviweka kwenye debe la mafuta lenye mfuniko, panya wasivifikie. Mengi ya ninayoandika yametoka humo. Na neno langu ni hili: kadi ya salamu ihesabiwe kuwa hati ya historia, maana kwa watu wengi wa Ndabibi ndiyo karatasi ya kwanza waliyojieleza kwa mkono wao wenyewe.

Zamani mtu alijitambulisha bila karatasi. Mzee wa Kimaasai akikutana na mwenzake malishoni, ukoo na rika vilitosha. Akisema yeye ni wa Ilnyangusi au Ilseuri, umeshajua umri wake, wenzake ni akina nani, na nani anapaswa kumpisha. Kwetu Wakikuyu ilikuwa hivyo hivyo, muhiriga na riika. Kisha reli ikafika, na mkataba wa 1904 ukawatoa Wamaasai kwenye malisho ya Naivasha na Nakuru, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Mkataba wa 1911 ukawatoa hata huko Laikipia. Nyasi za hapa zikawa za walowezi.

Ndabibi ikawa ranchi ya Gilbert Colvile, mfugaji aliyezungumza Kimaa na kupenda kukaa na Wamaasai kuliko na walowezi wenzake. Mwaka 1943 alimwoa Diana, ambaye mume wake wa awali, Jock Delves Broughton, alishtakiwa kwa mauaji ya Lord Erroll ya 1941 na mahakama ikamwachilia. Mwaka 1955 Diana akaolewa na Lord Delamere wa nne. Colvile, Delamere na Diana wote wamezikwa hapa Ndabibi, Diana akiwa katikati ya wanaume hao wawili. Kuna vitabu na filamu kuhusu mapenzi yao, karamu zao na magomvi yao. Lakini waliochunga ng'ombe wa walowezi hawa, waliokamua na kujenga nyua, hutawakuta katika vitabu hivyo. Ukitaka kuwaona, itabidi utafute kipande, cheti cha utambulisho na kazi cha wakati wa ukoloni.

Sheria ya kipande ilipitishwa 1915, Vita vya Kwanza vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa kwa nguvu mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimika kuwa nacho, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kibati. Cha guka, babu yangu mzaa baba, ninacho. Kibati chake kinaenea kiganjani, kingo zimelainika kwa kusuguliwa na kifua, na tundu la kamba limepanuka upande mmoja. Karatasi iliyo ndani imekunjwa mara nyingi hata mikunjo imekatika, nami nimeishika kwa karatasi nyembamba upande wa nyuma. Juu kuna jina lake, kabila, wilaya, jina la chifu wake na alama za vidole. Chini zinafuata safu: siku aliyoajiriwa, kazi, mshahara, siku aliyoachishwa, sahihi ya mwajiri. Aliyeondoka kazini bila sahihi hiyo alihesabiwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la kufikishwa mahakamani.

Nimekisoma kibati hicho na yaliyomo mara nyingi, na kila mara nasimama palepale. Miandiko iliyomo ni ya watu mbalimbali na hakuna hata mmoja ulio wake. Alama za vidole tu ndizo zake. Kazi yake imeandikwa kwa neno moja, mchungaji, na mahali anapotakiwa kuwa pameandikwa wazi kuliko jina la baba yake. Guka alipiga wandindi, zeze la uzi mmoja la Wakikuyu. Baba alisema walipokuwa kwenye kambi ya wafanyakazi watu walitoka vibanda vya mbali kuja kumsikiliza jioni, na kwamba alikuwa akiwataja waliofika, kila mmoja kwa jina lake, katikati ya wimbo. Kwenye kipande hapakuwa na safu ya mambo hayo.

Waliokikataa walikuwepo tangu mwanzo. Harry Thuku, aliyefanya kazi ya simu serikalini Nairobi, alianza mwaka 1921 kuwakusanya watu dhidi ya kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye watu waliokusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe walipigwa risasi, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru aliyewahimiza wanaume wasirudi nyuma. Barabara inayopita karibu na mahali hapo leo inaitwa Harry Thuku. Nitairudia, maana kadi za mama yangu zilipelekwa barabara hiyo hiyo.

Kipande cha shingoni kiliondolewa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, lakini guka alikihifadhi, na nadhani alifanya vyema, maana bila hivyo nisingekuwa nacho leo. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Wakikuyu wengi waliokuwa mashambani mwa walowezi walirudishwa kwa nguvu kwenye maeneo yao, na baada ya Mau Mau kuvamia kituo cha polisi cha Naivasha tarehe 26 Machi 1953 upande huu ulibanwa zaidi. Guka alirudishwa Kiambu. Familia ilirejea hapa miaka ya baada ya uhuru, wakati sehemu ya ranchi ilipokuwa shamba la ADC, shirika la serikali lililoundwa 1965. Ardhi hiyo baadaye iligawanywa, na vijiji vikaota palipokuwa malisho.

Sasa redio. Utangazaji ulianza Kenya mwaka 1928, na mwanzoni ulikuwa wa walowezi. Waafrika walianza kutangaziwa kwa lugha zao wakati wa Vita vya Pili, ili kuzipa familia habari za wanajeshi waliokuwa mbali. Mwaka 1964 serikali iliita kituo Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 jina lake la awali, KBC, likarudi. Makao yake yakawa Broadcasting House, Barabara ya Harry Thuku. Huko ndiko kadi zilikokwenda.

Kwa asiyezijua nieleze. Ulinunua kadi, ukajaza jina lako na anwani, ukaorodhesha watu unaowasalimu, ukaandika ujumbe mfupi, na ukipenda ukataja wimbo. Kisha uliituma kwa posta na kusubiri. Pengine ingesomwa wiki ya pili, pengine baada ya miezi, pengine isisomwe kabisa. Waliozituma sana hawakutumia majina ya vitambulisho. Walijipa majina yao wenyewe, ya kazi au ya mahali au ya tabia waliyojivunia, na msikilizaji wa Bungoma alimjua wa Naivasha kwa jina hilo miaka na miaka kabla ya kumwona uso.

Mama alijiita Mama Maziwa wa Ndabibi. Alikuwa akibeba maziwa alfajiri kwenda Kongoni, na alitaka watu wajue hivyo. Hakuwahi kusoma alipokuwa msichana. Serikali ilipoanzisha kampeni ya kisomo cha watu wazima mwaka 1979, alikwenda ngumbaru, jioni, chini ya mti karibu na shule, pamoja na akina mama wengine waliokuja na watoto mgongoni. Aliponiambia ni kitu gani cha kwanza alichokiandika nje ya daftari, hakutaja barua. Ilikuwa kadi ya salamu.

Ninayo moja ambayo haikutumwa. Herufi zake ni kubwa na zimeegemea kushoto, na kalamu imekandamizwa hadi maandishi yanapapasika upande wa nyuma. Anwani ni ya shule ya msingi, S.L.P. Naivasha, kwa sababu sanduku la shule ndilo lililotuhudumia sote. Anawasalimu dada yake wa Limuru, mwalimu wa ngumbaru, na watu ambao najua hakuwahi kukutana nao, waliomsalimu yeye kwanza hewani. Ujumbe unasema anauza maziwa safi, anapenda kusikiliza na kufuma vitambaa, na anamwombea kila mgonjwa nafuu. Kazi yake, anachokipenda, anachomtakia mwenzake: vyote vimetoshea kwenye mistari mitatu.

Na hapa ndipo ninapoomba wasomaji wanisikilize. Kipande kilikuwa cha wanaume. Wanawake walianza kuandikishwa kwa kitambulisho cha taifa baada ya sheria kubadilishwa mwaka 1978. Kabla ya hapo mwanamke wa Ndabibi aliyezaliwa nyumbani, asiyesoma shule, asiye na shamba kwa jina lake, aghalabu hakuwa na karatasi yoyote iliyomtaja isipokuwa kadi ya kliniki ya mtoto. Mama alipata kitambulisho na kalamu karibu wakati mmoja. Cha kwanza kilijazwa na karani. Kadi aliijaza mwenyewe.

Siku iliposomwa kadi yake ya kwanza nilikuwepo, mtoto bado. Redio ilikuwa ya jirani, na mawe yake yalikuwa yameanikwa juani tangu asubuhi ili yapate nguvu kidogo. Mawe hayo yalitengenezwa Nakuru, kwenye kiwanda cha Eveready kilichofungwa 2014. Mtangazaji alisoma jina alilojipa, akasoma Ndabibi, akasoma orodha yote bila kuruka mtu. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mtungi wa maziwa mkononi. Jirani, mzee wa Kimaasai aliyekuwa akimwita tu mama ya watoto, alimgeukia akamwambia, "Mama Maziwa, umefika Nairobi." Tangu siku hiyo hakumwita vingine.

Wapo waliodharau. Wanaume kadhaa waliona ni pesa ya chumvi inayotupwa posta, na mhubiri mmoja alisema ni kutafuta sifa. Siafikiani nao hata kidogo. Vilabu vya salamu vilichanga pesa za hospitali, vilihudhuria harusi na mazishi ya watu waliojuana kwa sauti tu, na havikuuliza kabila. Mashamba ya maua yalipopanuka miaka ya 1980, Oserian ikianza maua mwaka 1982, vijana walitoka Kakamega na Siaya wakaja kando ya ziwa, na kadi ikawa njia ya kumwambia mama kule nyumbani kwamba mtoto yupo, ana kazi, anakula. Watoto wa shule nao walikuwa na marafiki wa kalamu: jina, umri, anwani, ninachopenda. Nilikuwa nao, na nilikuwa nikiandika kila mara kwamba napenda kusoma na kusikiliza muziki, kama walivyoandika wote.

Naivasha ilipowaka kwa vurugu za baada ya uchaguzi Januari 2008, wenzangu wengi wa kazini walikimbia bila kuagana. Simu zilikuwepo tayari, lakini nyingi zilipotea au zilizimika. Mmoja wao, dada wa Kiluhya tuliyesimama naye meza moja ya mawaridi, nilimsikia redioni miezi kadhaa baadaye, akijieleza: yuko Mumias, anashona nguo, anamsalimu binti ya Mama Maziwa. Nililia nikiwa shambani, jembe mkononi.

Kufikia hapo kadi zilikuwa zikiisha. Vituo vya FM vilianza 1996, vya lugha za nyumbani vikafuata, Kameme ikianza 2000, na salamu zikahamia kwenye ujumbe wa simu ambao mtangazaji huusoma na kuufuta. Haubaki popote.

Ndiyo maana naenda nyumba kwa nyumba na debe langu. Wazee wananipa wanachopata chini ya magodoro na ndani ya Biblia: vipande, stakabadhi za ushirika, vyeti vya ubatizo, kadi zilizonunuliwa zikakosa stempu. Nikipewa ruhusa nanakili jina, mahali, kazi na kile mtu anachosema anakipenda, kisha namrudishia mwenyewe karatasi yake. Za wanaume ninazo za kutosha. Ninazotafuta sasa ni za wanawake wa Ndabibi, Maiella na Kongoni walioandika kabla ya mwaka 1990, hasa waliosomea ngumbaru chini ya ule mti, na pia za akina mama wa Kimaasai, ambao hadi leo sijapata hata kadi moja yao.