Air Force 1: Raba iliyofufuliwa na wateja

Igeuze Air Force 1 uitazame soli. Chini ya vidole, pale mguu unapobeba uzito, kuna miduara iliyochongwa mmoja ndani ya mwingine. Bruce Kilgore, aliyeibuni raba hii, alimfikiria mchezaji wa kikapu, ambaye akishadaka mpira hukita mguu mmoja na kuzunguka juu yake. Miduara inamwachia ageuke bila kunasa sakafuni.

Nike iliitoa mwaka 1982 na kuipa jina la ndege ya rais wa Marekani. Ndiyo iliyokuwa raba yao ya kwanza ya kikapu yenye mfuko wa hewa ndani ya soli. Moses Malone aliivaa, na mwaka 1983 yeye na wenzake wa Philadelphia 76ers wakaichapa Los Angeles Lakers michezo 4 kwa 0, wakatwaa ubingwa wa NBA.

Muda si mrefu ikaacha kutengenezwa. Enzi hizo toleo jipya likitoka, la zamani limekufa, basi. Lakini vijana wa Baltimore hawakuacha kuiulizia. Wenye maduka matatu ya mji huo wakaishawishi Nike iitengeneze tena, kwa rangi mpya, na mzigo ukaisha. Watu walifunga safari kutoka New York kuifuata. Kwangu mimi, biashara nzima ya raba za kale inawadai shukrani wauzaji wale.

Je, inafaa leo? Kwa umbo, ndiyo: ngozi yenye vitundu juu ya vidole, na ile ndefu ina mkanda wa kufunga kifundoni. Kwa uimara, ndiyo zaidi, kwa sababu soli imeshonwa kuzunguka pande zote, si gundi peke yake. Starehe ndiyo inayopungua. Ni nzito, ngozi hubana siku za mwanzo, na ile hewa huisikii sana chini ya unyayo. Rasheed Wallace aliichezea NBA hadi miaka ya 2000, lakini mimi singemshauri kijana aingie nayo uwanjani sasa. Kwa kutembelea mtaani, sijaona ya kuishinda.

Ukiikuta kwenye mtumba, pitisha ukucha juu ya mshono wa soli. Uzi ukiwa wa kuchorwa tu, irudishe.